Mfupa Nilioulainisha

Nakumbuka Ijumaa moja ya mvua, mwanangu, nikiwa bado mgeni kazini kule Pinetown, karibu na Durban, Afrika Kusini. Karakana yetu ilipokea picha za skani kutoka hospitali, majina ya wagonjwa yameshafutwa. Tulizigeuza kuwa umbo kwenye kompyuta, kisha mashine ikalijenga kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka, ili wanafunzi wa udaktari wapate kujifunza.

Siku hiyo nilipewa mfupa wa mkono. Katikati ulikuwa na kivimbe, tena umepinda kidogo. Nikaona ni kosa la picha. Nikaulainisha, nikaunyoosha, nikautuma kwenye mashine. Nilijiona fundi kweli, sikumwuliza mtu.

Mzee Yusufu ndiye aliyepiga msasa kila kitu kabla hakijatoka. Alizaliwa Durban, ila babu zake walitoka Zanzibar, na Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, si kama hiki chetu cha Bukavu. Aliugeuza ule mfupa mara mbili, akaenda kutazama picha za mwanzo.

"Nani kaunyoosha huu?"

"Ni mie, Mzee. Iko na kivimbe, nikafikiria ni makosa ya picha."

"Eish, binti yangu. Huyu alivunjika, akapona. Hapo ndipo mwili wake ulipojiunga. Na wewe umemfutia."

Hakunigombeza zaidi. Alinipa simu nimpigie mwenyewe mhadhiri aliyeuagiza. Nikakiri. Kumbe kivimbe kile ndicho alichotaka kuwafundishia wanafunzi wake. Akanipa hadi Jumatatu niutengeneze upya.

Ulipotoka mfupa wa pili, nikaushika, nikapitisha kidole juu ya kivimbe. Ulikuwa kama mkono wa mama yangu. Wakati wa vita alianguka tukikimbia, mkono ukavunjika, akafungwa vijiti tu, ukaunga vibaya. Kwa mkono huo huo aliendelea kunisuka nywele. Miaka mingi nilikuwa sijaukumbuka.

Jioni ile nikampigia Bukavu.

"Mama, ule mkono ungali unauma?"

Akacheka. "Wakati wa mvua tu. Utakuja lini uuone?"

"Noeli, mama."

Sikuenda. Makaratasi yangu ya ukimbizi hayakuniruhusu kurudi, na Noeli zikapita. Mama akafariki, akazikwa, nami nikapata habari kwa simu, nimesimama kando ya barabara mtaani Overport. Hadi leo kuna siku mikono yangu inamtafuta.

Basi nakuambia wewe unayeianza kazi hii: ukikuta katika mwili wa mtu jambo usilolielewa, usilifute ili kazi ipendeze. Uliza, hata kama utaaibika. Ukikosea, piga simu mwenyewe. Na mama yako akiwa hai, mwulize habari zake, za uchungu pia, umwache aseme hadi amalize.

Mungu akupe subira, mwanangu. Akupe watu wa kukurudi kwa upole. Na siku utakayofika nyumbani, umkute wa kukufungulia mlango.