Mkono wa Baba Chini ya Shuka

Baridi ya Juni ya Songea haina adabu, inakufuata mpaka chini ya blanketi. Na ndio mwezi tunaowapeleka watoto kambini, kwa kuwa shule zimefungwa na mvua zimekwisha. Watu huniuliza, "Mwalimu, kwa umri huo bado unalala chini na watoto wa watu?" Huwajibu kwamba mgongo ni wangu. Mimi ndiye mlezi wa skauti shuleni kwetu, shule ya bweni, na bila hao skauti nisingekuwa na mtu wa kumpigia kelele.

Nyumbani Majengo tupo wawili tu, mimi na baba. Mama alishatangulia, wadogo zangu wako Dar na simu zao za sikukuu. Baba alikuwa katekista. Kila Jumapili baada ya misa alisimama mlangoni mwa kanisa akimpa kila mtu mkono na kumuuliza habari za kwao. Hata mtoto mchanga alishikwa kidole. Lakini ole wako umpe mkono wa kushoto. Hata kama wa kulia umebeba mtoto, alikutazama usoni mpaka ujirekebishe. "Kushoto ni kwa kujisafishia," alikuwa akisema. "Humpi mtu."

Sasa skauti husalimiana kwa kushoto, kwa sababu ndio mkono ulio karibu na moyo. Nilipojiunga, msichana mdogo, nilirudi nyumbani na skafu shingoni nikamnyooshea baba kushoto kwa furaha zote. Loo! Alinirudisha uani nikanawe kwanza, ndipo nije kumsalimia upya. Tangu hapo nami nina sheria kwa watoto wangu: kushoto ni kwetu wenyewe, ukikutana na mzee mpe kulia, piga na goti.

Masika ya mwaka jana baba alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala. Maneno yalirudi taratibu, mkono haukurudi. Wageni walikuja wengi, watu wa jumuiya wakaja na mchele na sala. Kila aliyemnyooshea mkono, baba aliuficha ule wake wa kushoto chini ya shuka akageukia ukutani. Wa kulia hakuwa nao, na kwa wa kushoto hakuwa tayari kumtukana mtu. Nilijaribu kuwaeleza, lakini utaeleza wangapi? Wakasema mzee amekuwa na kiburi, hataki watu. Wakapungua, mwisho hata njia ya kuja kwetu ikaota majani. Baba akagoma kutoka chumbani.

"Baba, mkono ni mkono," nilimwambia siku moja kwa hasira. "Huo ndio Mungu aliokuachia."

"Basi aje mwenyewe nimpe," akajibu.

Nikaenda jikoni nikalia, nikisingizia moshi. Nilichokuwa nakitaka ni kitu kimoja tu: baba atoke nje ampe mtu mkono, hata mtu mmoja, asije akafa amefungiwa na heshima yake. Nami nilikuwa nimefungiwa humo humo pamoja naye.

Mwaka huu shangazi alikubali kuja kukaa naye, nikaenda kambini, porini upande wa Hanga. Nilidhani nitapumzika. Watoto walisimamisha mahema, wakapika ugali mbichi wakausifia, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Jioni walimu wenzangu walipanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao, kila mmoja akacheka na wa kwake. Nami nikapanda.

"Amekula," shangazi akasema.

"Ameuliza chochote?"

"Hajauliza."

Akakata. Nikabaki na simu sikioni, nikiitikia "ehee, ehee" peke yangu, wenzangu wasije wakanionea huruma. Upweke wa nyumbani niliuzoea. Huu wa katikati ya watu ulinishinda.

Kambini salamu ni kushoto tu. Asubuhi kwenye gwaride ni kushoto, kupokezana zamu ya kupika ni kushoto, waliogombana wakipatana ni kushoto. Sheria yangu ikayeyuka na hakuna aliyeona.

Siku ya kurudi, lori lilipitia kwetu kunishusha na masufuria, maana stoo ya shule ilikuwa imefungwa. Shangazi alikuwa amemtoa baba nje barazani kwa nguvu ili afagie chumba. Amejikunyata kitini, shuka mpaka kidevuni, amenuna. Watoto wakaruka chini, wakamwona, wakajipanga mstari bila kuambiwa. Mbele alikuwa binti mmoja wa Tunduru, skafu juu ya hijabu. Akapiga goti sawasawa kama nilivyomfundisha.

"Shikamoo, babu."

Na akanyoosha mkono wa kushoto.

Yesu wangu! Nilikuwa na sufuria kichwani, nikafungua mdomo nimkaripie, nikachelewa. Baba aliutazama ule mkono. Kisha akamtazama mtoto usoni, akisubiri ajirekebishe. Mtoto hakujirekebisha. Hakujua kosa lake, alibaki na goti chini akitabasamu, na nyuma yake wenzake wote walikuwa wameshaandaa kushoto.

Shuka likasogea. Mkono wa baba ukatoka, umepauka, kucha ndefu ambazo hakuwahi kuniruhusu nizikate. Ukamshika yule mtoto.

"Marahaba, mjukuu wangu. Kwenu wapi?"

"Tunduru, babu."

"Mbali huko. Wasalimie."

Akaja wa pili, akaja na wa tatu. Kila mmoja akaulizwa kwao, kama zamani mlangoni mwa kanisa. Shangazi alisimama na ufagio wake. Nikatua sufuria nikaenda kusimama mwisho wa mstari, mwalimu mzima.

"Shikamoo, baba."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Umenawa?"

"Nimenawa, baba."

Akanipa mkono. Ulikuwa umepata joto kwa watoto wote wale. Nililia pale pale barazani mbele ya wanafunzi wangu, na safari hii sikusingizia moshi.

Kesho yake shangazi aliondoka asubuhi. Baba akaniita nimtoe nje mapema.

"Wale watoto watapita," akasema.

Shule ilikuwa bado imefungwa. Walikuwa wameshapanda mabasi kwenda kwao Tunduru, Mbinga, Namtumbo. Sikumwambia. Nilimtolea kiti, akaketi, shuka amelikunja magotini na mkono wa kushoto ameuweka juu yake, akitazama njia. Nikarudi ndani nikatoa na kiti changu.