Upenyo wa Pazia

Katika jumba la sanaa, ukumbi wa pili, imetundikwa picha kubwa ya rangi ya mafuta. Maharamia wanaparamia meli ya watu, visu mkononi, na mbele yao kapteni wao, kidevu juu, kitambaa chekundu kichwani. Wageni huisifu. Sindano, mama anayefagia ukumbi huo, huitikia tu, maana uso ule aliwahi kulala nao kitanda kimoja.

Zamani alikuwa fundi cherahani, ndipo alipopata jina hilo. Mchoraji alipopita mtaani akitafuta sura, akamchagua mumewe. Kile kitambaa chekundu alikishona Sindano mwenyewe, akakipiga pindo mara mbili kisije kikafumuka. Picha ilipokwisha, bwana akavimba kichwa, akawa anatembea kidevu juu kama aliye ukutani. Siku moja Sindano akarudi kutoka sokoni, akakuta chumba kinamtazama: mume hayupo, cherahani haipo. Akaifuata kwa mwanamke mwingine, mtaa wa pili. Kapteni akamzuia mlangoni, akacheka mpaka majirani wakacheka naye.

"Haramia harudishi," akamwambia.

Fundi bila cherahani ni mikono tu. Sindano akashika fagio.

Ukumbini kwake kuna sheria mbili. Picha haiguswi, hata kwa kitambaa kikavu. Na jua la mchana likigeukia dirishani, pazia lifungwe, maana jua hula rangi. Ya kwanza aliishika kama sala, msimamizi akamsifu mbele ya wenzake. Ya pili aliishika pia, ila aliacha upenyo wa kiganja, palepale jua linapopita kumfikia kapteni usoni. Haba na haba. Mlinzi alimtania kwamba pazia lake lina chongo. Akajibiwa kuwa limezeeka, kama mlinzi.

Miaka ikaenda. Wekundu wa kitambaa ndio uliotangulia kufa, na hapo mkono wa Sindano ukasita kwenye kamba ya pazia, kwa kuwa kazi ile ilikuwa yake. Kisha akakisikia kile kicheko cha mlangoni. Akaacha jua liendelee. Uso ukafuata, ukapauka kama chai iliyozidiwa maji. Maharamia wengine wakabaki na afya zao.

Ndipo mchana mmoja akaingia mzee wa fimbo, ameshikana mkono na mjukuu wa kike. Sindano alimjua kwa kidevu. Yeye hakumjua Sindano. Nani humtazama mfagiaji? Akamvuta mtoto mbele ya picha, akamwonyesha yule wa mbele, akasema ndiye babu yake, kapteni wa wote.

Mtoto akatazama picha, akamtazama babu.

"Babu, huyo mbona hana uso?"

Mzee akasogea, akakodoa macho, akasogea tena. Akamgeukia mwenye fagio.

"Mama, wewe ni mtu wa hapa. Mwambie mtoto kwamba ni mimi. Na hii rangi, si watairudisha?"

Sindano akaegemea fagio, akamtazama toka viatu hadi mvi, bila haraka.

"Haramia harudishi," akasema.

Fimbo ikagonga sakafu. Kidevu kile kikashuka taratibu mpaka kifuani, kikakaa hukohuko. Mtoto, aliyekwisha kuchoka, akamvuta babu yake kwenda kutazama picha ya farasi.

Sindano akaenda dirishani. Siku hiyo pazia likafungwa, likafungika.