Unga Usioona Jua

Samli ya Kisesa ikipata moto kidogo hutoa harufu ambayo siwezi kumweleza mtu aliyekulia kwenye siagi ya kopo. Kuna maziwa ndani yake, kuna moshi, na kitu kama karanga zinazokaribia kuungua. Wiki iliyopita jirani yangu wa chumba cha pili, hapa ninapopanga, alipasha samli ya kwao atie kwenye wali. Nilikuwa nimekaa na kompyuta mapajani, nimenuna kwa kazi isiyoisha. Harufu ile ilipoingia mlangoni nikajikuta nina miaka kumi, nimechuchumaa uani kwetu Igoma, nangoja kuona kama mama yangu ana mkono au hana.

Habari ya mkono inahitaji maelezo. Mtaani kwetu watu waliamini kuwa mapishi magumu yana wenyewe. Huyu ana mkono wa maandazi, yule ana mkono wa pilau, na asiye na mkono hata umpe vipimo vyote ataharibu tu. Mkono huo unatoka wapi, hakuna aliyesema. Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza. Mwalimu wetu wa Jumapili alinichoka siku nilipotaka kujua Nuhu aliwalisha nini simba ndani ya safina, na kama ni nyama, basi nyama ya nani.

Mwenye mkono wa biskuti alikuwa Mama Hawa, jirani yetu wa ukuta mmoja. Familia yake iliuza vitambaa mjini tangu enzi za babu yake, na katika urithi wao kulikuwa na mashine ya kukamulia biskuti: bomba la chuma lenye urefu wa chupa ya soda, juu lina mpini wa kuzungusha, chini lina kisahani chenye tundu la nyota. Unashindilia unga uliokandwa, unazungusha mpini, na unga unachungulia chini ukiwa na mistari iliyochongeka vizuri. Kila Idi Mama Hawa alituletea biskuti hizo kwenye sahani nyeupe yenye maua ya buluu. Nilikuwa nazipitishia ulimi kabla ya kuzitafuna, nihesabu mistari.

Sahani ya jirani kwetu hairudishwi tupu. Ile ya Mama Hawa ilikaa kabatini tangu Idi mpaka Krismasi, kama mgeni aliyekosa usafiri, ndipo mama airudishe ikiwa na kitu. Na mama yangu, miaka yote, alitamani irudi na biskuti.

Nilipokuwa na miaka tisa alijaribu. Aliazima mashine, akatoka mazoezi ya kwaya saa saba mchana, akawasha jiko, akabandika samli iliyotumwa na bibi kutoka Kisesa. Aliiyeyusha mpaka ikawa kama maji, kwa sababu ndivyo samli inavyopikiwa; hakuna mwanamke wa kwetu anayepika na samli ya mgando. Akachanganya sukari, iliki na unga, akakamua nyota kwenye bati. Nyota zilikaa kidogo, zikalegea, zikashikana mikono. Bati lilipotoka motoni kulikuwa na biskuti moja tu, kubwa kama bati lenyewe.

Shangazi Milembe, dada yake baba, alikuwa amekuja kutoka Buzuruga kula nasi sikukuu. Aliinama akaitazama kwa makini.

"Wifi," alisema, "hii tunaikata au tunaikunja?"

Tulicheka wote. Mama naye alicheka, tena kwa sauti.

"Mkono wako ni wa ugali, wifi yangu," Shangazi aliongeza, akijifuta machozi. "Biskuti mwachie Mama Hawa."

Sahani ikarudi na maandazi. Kuanzia siku hiyo mama alipata neno jipya. Mchicha ukikataa kuota, alisema hana mkono. Nywele zangu zikifumuka shuleni kabla ya saa nne, hana mkono. Alilisema huku akitabasamu, na mimi nikalichukua kama utani wa nyumbani, ingawa liliniudhi kwa sababu ambayo sikuweza kuitaja. Kitu kisichoonekana, kisichopimika, kilikuwa kinamshinda mama yangu, na watu wazima wote walikuwa wamekubali.

Mwaka uliofuata, siku moja kabla ya Idi, nilikwenda kwa Mama Hawa kuchota maji. Mtaani kwetu maji yalitoka alfajiri tu, na bomba lake lilikuwa na nguvu kuliko letu. Nilimkuta uani, mkeka umetandikwa, mashine mkononi, hewa bado ina baridi ya ziwa. Bakuli la unga lilikuwa chini ya mtungi wa maji ya kunywa, limekaa kwenye mchanga uliolowa matone.

"Shikamoo, Mama Hawa. Mbona unapika mapema hivi?"

"Marahaba. Unga wa biskuti hauoni jua."

"Kwa nini?"

"Ukiona jua unaharibika."

"Unaharibikaje?"

Alizungusha mpini, nyota ikashuka, akaikata kwa kidole. "Kabula, wewe ungezaliwa polisi. Mama yangu aliniambia hauoni jua, na mimi sikumuuliza, nilimheshimu."

"Na bakuli mbona liko chini ya mtungi?"

"Hapo ndipo palipo na nafasi."

Nilitazama huku na huku. Ua wote ulikuwa na nafasi.

Niliondoka na ndoo kichwani na maneno yake yakizunguka ndani ya kichwa hicho hicho. Jua lina macho? Kama linaharibu unga, mbona haliharibu unga wa chapati, ambao mama aliukandia mchana kweupe? Jibu nililipata jikoni kwetu asubuhi ile ile, nilipotumwa kuchota samli ya kupaka kwenye viazi. Ilikuwa imeganda, niliichimba kwa kijiko. Mchana nikatumwa tena, na samli ile ile nikaimimina kama chai. Nilisimama na kidumu mkononi mpaka mama akauliza kama nimelala.

Nilimweleza. Aliendelea kuchambua mchele.

"Mama Hawa ana mkono," alisema mwishoni.

"Ana mafuta yaliyoganda, mama."

"Mimi sina mkono, mwanangu. Basi tu."

Nilimsumbua tangu Idi mpaka Desemba. Alikubali nilipokuwa nimeshakata tamaa, na nadhani alikubali ili ninyamaze. Sharti lake lilikuwa moja: nikamue mimi, yeye asiguse. Hapo nilikataa kabisa. Nikikamua mimi zikasimama, watasema Kabula ana mkono, na tutakuwa hatujajua kitu. Ilikuwa lazima akamue yeye, kwa mkono ule ule uliotoa biskuti ya kukunja. Mwishowe alikubali na hilo. Ninajua sasa nilikuwa namwomba nini. Wakati ule niliona ni utaratibu tu.

Samli yenyewe ilikuwa kidumu kimoja, kilichotegemewa kwa pilau ya Krismasi. Tukiharibu, tunakula pilau ya mafuta ya kawaida, mbele ya Shangazi Milembe, ambaye alikwisha fika na begi lake na maneno yake.

Siku ya mkesha tuliamka alfajiri. Mama alikanda samli ya mgando na sukari mpaka ikawa nyeupe, akatia iliki na unga. Niliweka bakuli juu ya mchanga niliokwisha umwagia maji. Kisha akaanza kukamua kwa mashine tuliyoazima tena kwa Mama Hawa. Unga ulikuwa mgumu, mpini ulilia kra, kra, mishipa ya shingo ikamsimama. Nyota ya kwanza ikashuka, ikakaa. Ya pili, ikakaa. Nilikuwa nimeshikilia bati na sikuthubutu kupumua juu yake.

Shangazi alitoka ndani akiwa na khanga mabegani, akavuta kigoda. "Leo tena? Nitafute kisu au nisubiri ya kukunja?"

Mama aliendelea kuzungusha mpini. Alijaza bati la kwanza, tukaliingiza kwenye sufuria kubwa yenye mchanga wa moto, tukafunika, tukapanga makaa juu ya mfuniko. Tukangoja. Nilipofunua, moshi ulinipiga usoni, na chini ya moshi kulikuwa na nyota, kila moja peke yake, kila moja na mistari yake, kingo zimepata rangi ya dhahabu.

Shangazi alichukua moja, akaigeuza juu chini, akaitia mdomoni. Alitafuna polepole kama mtu anayetafuta kosa. "Hizi ni za bahati," alisema. "Ngoja bati la pili."

Nilikwenda kuchukua bakuli nikalikosa. Lilikuwa pembeni ya jiko, limeegemezwa kwenye makaa.

"Nimelisogeza lilainike," Shangazi alisema. "Wifi anaumia mkono, hamwoni?"

Alikuwa amefanya hivyo kwa huruma, na sauti yake ilikuwa ya huruma kweli. Mama alishika unga, nao ukamng'ang'ania vidoleni. Alinitazama, mimi nikaitikia kwa kichwa: akamue hivyo hivyo. Mpini ulizunguka bila mlio wowote. Nyota zilitoka, zikakaa kidogo, zikalegea, zikashikana mikono. Tulizioka. Likatoka bamba moja la kukunja, ndugu kamili wa lile la mwaka uliopita.

Tuliyaweka mabati mawili chini, moja kando ya lingine. Unga mmoja, mashine moja, mkono mmoja. Shangazi Milembe aliangalia la kwanza, akaangalia la pili, akaangalia jiko. Nilimwona akilifikia jibu mwenyewe.

"Kumbe nimeliharibu mimi," alisema.

Nilirukaruka uani kama aliyefunga goli. Nilitangaza kuwa hakuna mkono, haujawahi kuwapo, ni ubaridi tu, na nikaenda kuupigia ubaridi kampeni mpaka kwa mbwa wa jirani. Shangazi alinifukuza kwa khanga akicheka, kisha akalowesha mchanga yeye mwenyewe, tukaulaza unga uliobaki mpaka ukakaza tena. Ukatoa mabati mengine mawili yaliyosimama.

Sahani ya maua ya buluu ilijaa, nami nikaipeleka. Mama Hawa aling'ata, akafumba macho. "Hii siyo siagi."

"Ni samli ya bibi, ya Kisesa."

Alikula ya pili akiwa amesimama mlangoni, ya tatu pia. Idi iliyofuata alikuja kwetu mwenyewe na kidumu kitupu, akamuuliza mama samli ile inapatikana wapi na anaikandaje. Mama alimweleza kila hatua, mikono ikichora hewani, sauti ya mtu anayejua anachosema. Mpaka leo mtaa wote hupika biskuti kwa samli, na watoto wakimuuliza mama yangu kwa nini alfajiri, huwajibu kuwa unga hauoni jua, halafu anaendelea na kazi zake. Nimemlalamikia mara nyingi. Ananiambia wenye maswali ya kweli watafika wenyewe kwenye kidumu.

Miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama ushindi wangu: mtoto wa miaka kumi aliushinda uzushi wa mtaa mzima. Hata chuoni nilikisimulia, nikasifiwa. Kuna sehemu moja nilikuwa nairuka kwa sababu niliona haina maana. Nikiwa katikati ya kurukaruka kwangu, niligeuka nikamwona mama bado amechuchumaa mbele ya yale mabati mawili. Hakuwa anaziangalia biskuti. Alikuwa ameinua mkono wake wa kulia, umejaa unga mpaka kwenye kifundo, anaugeuza mbele na nyuma.

"Kumbe si mimi," alisema, bila kumwambia mtu.

Nilidhani anatafuta pa kujifutia. Nikamletea kitambaa.