Kahawa Isiyotaka Maziwa

Mimi ni mwalimu wa kemia, na sidhani kuna mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu asiyejua kinachotokea maziwa yakikutana na limau. Nimewaonyesha kwa macho yao, darasa baada ya darasa. Kwa hiyo nikisema kwamba alasiri moja ya Februari, jikoni kwangu hapa mtaa wa West Indies, Eldoret, nilimimina maziwa ndani ya kahawa yenye limau, tena nikijiandaa kumpa baba yangu mzazi, msidhani nilifanya hivyo kwa kutojua. Nilijua vizuri. Ndiyo maana mpaka leo nikikumbuka nashika kichwa.

Mambo yalianzia Chepsaita, Jumapili ya wiki hiyo. Baba ana shamba huko, na kwenye kona moja ya shamba ana mibuni. Aliipanda nikiwa shule ya msingi, mahali ambapo mtu mwenye akili zake analima mahindi na kufuga ng'ombe, basi. Majirani walimcheka mpaka wakachoka. Yeye akapalilia, akapogoa, akachuma, akapeleka kahawa yake kiwandani, kisha akarudi nyumbani kunywa chai. Sote tulikunywa chai. Kahawa ilikuwa kitu cha kupakiwa kwenye magunia na kuondoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuionja.

Jumapili hiyo, baada ya kanisa, Baba alituambia mimi na kaka yangu kwamba trekta ingekuja Jumamosi kulima, na kwamba safari hii ingeanza kwa kung'oa mibuni. Kaka yangu, ambaye ameimezea mate kona ile kwa miaka, alisema kazi hiyo ingeisha kabla ya saa nne.

"Kwa nini, Baba?" nikauliza.

"Nimechoka nayo. Mahindi nikilima, nakula. Hii kahawa nimelima mpaka nimezeeka, na sijui hata iko na taste gani."

Hakusema kwa hasira. Alisema huku akipuliza chai yake. Mimi ndiye niliyeona aibu, kwa sababu msimu wote ule wa jua nilikuwa nikirudi kutoka shule na kujitengenezea kahawa ya barafu yenye machungwa, kinywaji nilichokionja kwenye harusi ya mwalimu mwenzangu nikakipenda kabisa. Na kahawa yenyewe nilikuwa nikiinunua supamaketi, mimi binti wa mkulima wa kahawa.

"Nipatie kidogo ya kwako," nikamwambia. "Na usiing'oe kabla hujaonja."

Alikubali. Alhamisi angekuja mjini kununua mbegu, angepitia kwangu. "Lakini Jumamosi iko palepale," akaongeza.

Nilirudi Eldoret na mkebe wa buni kavu kutoka stoo yake. Nilizitwanga taratibu maganda yatoke, nikapepeta, nikazikaanga kwenye sufuria nzito juu ya makaa. Mkaango wa kwanza niliuunguza, nikautupa. Wa pili niliusimamia kwa mwiko bila kuinua macho, nikauepua mara tu buni zilipoacha kupasuka. Harufu iliyotoka hapo ilimfanya mama wa nyumba ya pili aje mlangoni kuuliza napika nini. Nilimjibu kwa maringo kwamba napika shamba letu.

Alhamisi nilitoka shule mapema. Kahawa nilikuwa nimeichemsha asubuhi, nikaichuja kwa kitambaa na kuiacha kwenye friji. Nilikamua machungwa mawili na nusu limau, nikakoroga na kijiko cha asali, nikajaza barafu kwenye glasi, kisha nikamimina kahawa polepole juu yake. Ikakaa nyeusi juu, na chini rangi ya chungwa. Nilisimama nikaitazama kwa furaha.

Halafu nikasikia sauti ya Baba na kaka yangu aliyemsindikiza mlangoni. Glasi ile haikuwa na maziwa. Kwetu mgeni hapewi kitu kikavu. Chai ya strungi, isiyo na maziwa, ni ya nyumba iliyokaukiwa, au ya mgeni ambaye ungependa aondoke. Nimelelewa hivyo, na kemia yote niliyosoma haikuweza kuushika mkono wangu. Mkono ulifungua friji, ukatoa maziwa, ukamimina.

Nilipoweka glasi mezani, mabonge meupe yalikuwa yakielea ndani. Baba aliinama, akachungulia.

"Hii ni mursik?" akauliza kwa upole, kama mtu asiyetaka kuumiza. Mursik ni maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, na hayafanani hata kidogo na uchafu ule.

Kaka yangu alicheka mpaka akashika meza. "Mwalimu wa kemia!"

Baba akachukua kofia yake. "Si neno. Umejaribu, msichana wangu. Twende, tusichelewe na mbegu."

Hapo hasira ilinipanda, na niliyemkasirikia ni mimi mwenyewe. "Baba, kaa chini," nikasema, kwa sauti ile ninayoitumia darasani. Sikuwahi kumwambia hivyo maishani. Akakaa. Hata kaka yangu akakaa.

Nikatengeneza nyingine. Nilikamua, nikakoroga, nikamimina mbele yao, na nikaiweka glasi mezani ikiwa nyeusi vilevile.

"Maziwa iko wapi?" akauliza.

"Maziwa iko kwa friji, Baba, imejaa. Lakini hii haiwekwi. Leo utakunywa kahawa yako peke yake."

Aliniangalia kwa muda mrefu, nikajua anapima kama nimemkosea adabu. Kisha akainua glasi, akanywa funda moja. Akanywa la pili, akalizungusha mdomoni.

"Iko na kitu kama zambarau," akasema. "Kwa nyuma huko."

Akamaliza yote. Barafu alizitafuna. Alipoondoka hakutaja trekta, na mimi niliogopa kuuliza.

Ijumaa usiku alinipigia simu. "Kesho kuja na ile kitu," akasema. "Ya watu wengi."

Jumamosi nilifika Chepsaita na ndoo ya kahawa, kreti ya machungwa na barafu ndani ya kisanduku cha baridi. Trekta ilikuwa imesimama, haijagusa kitu. Baba alikuwa amewaita majirani, walewale waliomcheka, pamoja na dereva wa trekta. Aliniambia nitengeneze, lakini kugawa aligawa mwenyewe, yeye ambaye sijawahi kumwona akimkaribisha mtu kinywaji kwa mkono wake. Na kwa kila glasi alisema maneno yaleyale kabla hawajauliza:

"Haina maziwa. Ng'ombe ninazo, mnaziona. Lakini hii haitaki."

Nilitamani wanafunzi wangu wote wangekuwa pale wamwone. Kaka yangu alikunywa yake, akaomba nyingine, kisha akaenda kumwonyesha dereva waanzie upande gani wa shamba la mahindi.

Dereva hakuharakisha. Alikuwa akilitazama lile jua kupitia glasi yake tupu. "Mzee," akasema, "hii kahawa ni poa sana. Mnanunua wapi?"

Baba alijinyoosha, akainua fimbo yake, akaielekeza kwenye ile kona.

"Hapo," akasema.