Usi Mchoma Chokaa na Timu Ambayo Mwenyewe Hakujua Kama Ingalipo

Saa nane mchana, jua la Mnazi Mmoja, Unguja, likiwa kali juu ya utosi, Usi bin Mcha anatembea kinyumenyume. Mkononi ana kopo lililotobolewa matundu chini, na kila anapolitikisa, unga mweupe wa chokaa unadondoka kwenye majani. Hatazami anakokwenda. Anatazama kamba aliyoifunga baina ya vigingi viwili, na mstari unaojitokeza mbele ya miguu yake.

"Mstari ukipinda kidogo tu, watu watagombana na refa mpaka magharibi," anasema.

Mwandishi wa habari hii anamuuliza nani anamlipa kwa kazi hii. Usi anasimama, anajifuta jasho kwa kiwiko, maana viganja vina chokaa.

"Hapana anayenilipa. Mwaka wa tano sasa nnafanya hivi."

Usi ni mchoma chokaa. Kwa hesabu yake mwenyewe umri wake umepita arubaini. Alizaliwa Tumbatu, akaja mjini ujanani kubeba mawe ya matumbawe, na leo ana tanuu lake mwenyewe nyuma ya Kikwajuni. Kazi si nyepesi. Magogo hupangwa duara, mawe yakawekwa juu, moto ukawaka siku mbili. Mawe yakishaiva humwagiwa maji mpaka yapasuke yawe unga. Unga huo huunguza ngozi, na vidole vya Usi vimejaa mabaka yasiyopona.

Mwezi ambao watu wanajenga hupata rupia kumi na tano. Masika hupata nne, pengine tatu. Mkewe, Bi Sichana, husuka mikeka kujazia panapopungua.

"Mume wangu anatia chokaa kwenye majani," anasema Bi Sichana, "na ukuta wa nyumba yetu haujaiona." Hasemi kwa hasira. Anasema kama mtu aliyekwisha kuuliza mara nyingi na jibu akalizoea.

Jibu lenyewe ni Hilali.

Hilali ni timu ya mpira iliyoanzishwa mwaka 1907 na marehemu Sheikh Salem, tajiri wa karafuu aliyekuwa na ghala Mlandege. Sheikh Salem aliwaona Wazungu wa ofisi ya simu wakicheza, akapenda. Akanunua mpira, akashonesha fulana kumi na moja za kijani, akachagua wachezaji miongoni mwa wachukuzi na wapimaji wa ghalani kwake. Alasiri ya Ijumaa alikuwa akija uwanjani na kiti chake, na kila mchezaji alimjua kwa jina.

Usi aliingia Hilali kwa mlango wa kazi. Alipeleka chokaa nyumbani kwa Sheikh Salem, na Sheikh akamuuliza kama ingeweza kuchora mistari. Alasiri hiyo Usi akachora, kisha akabaki kutazama. Hajakosa mchezo tangu siku hiyo.

"Nilikuwa sijui hata bao ni nini," anasema. "Nikaona watu kumi na moja, wengine nawajua, huyu mchukuzi, huyu mpimaji, wanakimbia kama kuna kitu chao pale. Na mimi nikataka kiwe changu."

Miaka miwili iliyopita Sheikh Salem alifariki kwa homa. Mali yake ikawa chini ya mkono wa mdogo wake, Sheikh Nasser. Kuanzia hapo, wasemavyo mashabiki, Hilali ikawa yatima.

Kiti cha uwanjani hakikuonekana tena. Mpira ulipopasuka, barua iliandikwa na karani wa ghala, na haikujibiwa, wala hapana aliyejua kama ilimfikia mwenyewe. Mpira ukashonwa na fundi wa viatu, na tangu siku hiyo ukawa unakwenda upande. Fulana, zilizokuwa zikiwekwa nyumbani kwa marehemu, hazikutolewa, wachezaji wakacheza kila mtu na nguo yake, na mara mbili waliwapasia maadui kwa kutojuana. Katika michezo sita ya karibuni walifungwa mitano.

Bi Duni, mwuza vitumbua ambaye husimama pembeni mwa uwanja na ni hodari wa kukumbuka kila bao, anasema kilichowauma hakikuwa kufungwa.

"Kufungwa tushazoea. Kinachouma ni kuwa unalia, na mwenye nyumba hata dirisha hafungui."

Kikombe kilifurika pale Turki alipoondolewa. Turki ndiye mlinda mlango, kijana mrefu aliyekuwa mpimaji wa ghalani. Msimu wa karafuu ulipoanza, Sheikh Nasser alimpeleka shambani kwake, njia ya Kizimbani, akasimamie wachumaji. Ijumaa iliyofuata Hilali ilifungwa mabao saba na makarani wa bandarini. Mlangoni alisimama mpishi mmoja asiyewahi kudaka.

Mashabiki walikasirika. Mabrouk, seremala aliyechonga milingoti ya goli, alitaka kwenda kuing'oa. Wengine walisema wasiende tena uwanjani. Usi alisema waende kwa Sheikh Nasser kwanza.

"Sote tulikuwa tunasema Sheikh anatudharau," anasema Usi. "Nikawauliza, nani kamsikia akisema? Hapana mtu. Nikasema basi twendeni tukamsikie."

Asubuhi moja wakaenda, watu sita, Bi Duni mmoja wao. Sheikh Nasser alikuwa barazani kwake na wageni wawili. Usi akamwamkia, "Shikamoo, Sheikh."

"Marahaba. Karibuni." Akawaagizia kahawa na haluwa kabla ya kuwauliza shida yao.

Usi akaeleza yote, mpira, fulana, Turki. Sheikh alisikiliza mpaka mwisho bila kumkata. Kisha akauliza, "Timu ile ya marehemu? Ingalipo?"

Bi Duni anaeleza: "Nilikuja na maneno yangu makali, nimeyapanga njia nzima. Yakaniyeyuka. Utamgombeza vipi mtu kwa kitu asichojua kama kipo?"

"Ipo, Sheikh," Usi akajibu. "Inacheza kila Ijumaa."

"Na huyo Turki, kazi yake ni nini humo?"

"Ndiye mlinda mlango."

"Mimi nilimpeleka shamba kwa sababu anajua kusoma mizani," akasema Sheikh. "Hapana aliyeniambia kuwa anadaka mpira." Akaahidi mambo mawili: Turki atapewa ruhusa ya siku moja, na yeye mwenyewe atakuja kutazama.

Habari ikaenea Ng'ambo nzima. Ijumaa hiyo Hilali ilipambana na Wazungu wa simu, na watu walijaa hata wengine wakapanda juu ya mikokoteni. Turki alifika kwa punda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mabrouk aliazima kiti kizuri, akakiweka pale pale pa marehemu.

Sheikh Nasser akaja. Akakaa. Akamuuliza Usi, aliyekuwa karibu yake, "Wetu wepi?" Usi akamwonesha. Baada ya muda akauliza tena. Kabla ya mapumziko akanyanyuka, akaaga kwa adabu, akaondoka zake.

Hakuwaona Hilali wakisawazisha, bao moja kwa bao moja. Hakumwona Turki, dakika za mwisho, akijirusha na kuutoa mpira ambao machoni mwa watu ulikuwa ushaingia golini. Mchezo uliisha sare, na uwanja mzima ulishangilia kama ushindi. Usi peke yake alikuwa anakitazama kiti.

"Nilihuzunika kuliko siku ya mabao saba," anasema. "Alikuja, na mchezo hakuupenda. Hapo nikajua hapana barua itakayosaidia."

Watu walipojua kuwa Sheikh aliondoka mapema, hasira ilirudi maradufu. Jumatatu Usi akarudi kwake, safari hii na Bi Duni tu. Hakwenda kulalamika. Alikwenda kuuliza.

Akamwambia, "Sheikh, niwie radhi. Wewe unaitaka timu hii?"

Sheikh Nasser akaweka kikombe chake chini. "Ndugu yangu aliacha nyumba, mashamba mawili na mpira," akasema. "Nyumba na mashamba najua la kuyafanya. Nilikuja Ijumaa kwa ajili yake, Usi. Nikatazama sana. Sikukiona mnachokiona nyinyi."

"Basi tupe sisi."

"Nitatoaje kitu cha marehemu kwa watu wa nje? Na mjane wake yumo ndani."

Mjane huyo, Bi Ruqaya, alikuwa akisikia kutoka nyuma ya mlango. Akatuma aitwe Bi Duni. Bi Duni akaingia, na alichokiona chumbani anakisimulia mpaka leo kwa sauti ya chini. Bi Ruqaya alifungua kasha la nguo. Fulana kumi na moja za kijani zilikuwa zimekunjwa, katikati ya kila moja pana karafuu za kufukuza nondo. Kila mwaka alizifua na kuzirudisha.

"Aliniambia, 'Nilidhani timu imekufa na mwenyewe,'" anasema Bi Duni. "Akaniuliza Ijumaa ilikuwaje. Nikamsimulia bao kwa bao. Nilipofika kwa Turki alivyojirusha, alinishika mkono. Akasema marehemu, siku ya mwisho, homa imempanda, alikuwa anauliza wamefungwa ngapi."

Bi Ruqaya akamwita shemeji yake mlangoni. Akamwambia kuwa kasha lile limo katika fungu lake la urithi, na yeye anataka fulana ziende kwa watu wa Hilali, ziwe sadaka ya mumewe. Sheikh Nasser hakupinga. Alirudi barazani akamwambia Usi, "Chukueni fulana. Na jina la Hilali pia chukueni, timu ni yenu. Turki nitamrudisha ghalani msimu ukimalizika, siwezi kabla."

Usi aliomba iwe mapema. Sheikh akasema haiwezekani, mikarafuu haingoji. Usi akashukuru.

Mwandishi wa habari hii alimtembelea Sheikh Nasser kusikia kauli yake. Ni mtu mpole, mwenye sauti ndogo, na hana la kuficha. "Watu walidhani nimewachukia," alisema. "Chuki ni kazi, na mimi sikuwa nimefanya kazi yoyote." Alipoulizwa kama anajuta, alitazama kahawa yake. "Najuta kwamba yule mchoma chokaa anamjua ndugu yangu kwa upande nisioujua mimi."

Si kila shabiki ameridhika. Mabrouk anasema tajiri amejitua mzigo, na maskini wameubeba wakishangilia. Mpira bado ni ule wa fundi wa viatu. Turki bado yuko shamba, na mpishi bado anadaka, ingawa siku hizi Usi humsikia akifanya mazoezi na madafu matupu uani kwa bwana wake.

Bi Sichana naye alipoambiwa kuwa mumewe sasa ni mmoja wa wenye timu, aliuliza swali moja tu: "Wenye timu huwa wanachora mistari wenyewe?"

Jumamosi ijayo mashabiki watakutana nyumbani kwa Bi Duni, Kikwajuni, kuchagua watu watano wa kuiongoza Hilali. Bi Duni mwenyewe ametajwa, na baadhi ya wanaume wameguna, lakini hapana aliyeweza kumpinga kwa hesabu ya mabao. Usi ametajwa awe mkubwa wao. Anasema atakubali kwa sharti moja, kuwa kila atakayechaguliwa awepo uwanjani kila Ijumaa, na asiyeweza kuja aseme mapema apishe mwengine.

Ana nia nyengine ambayo hajawaambia wenzake. Atakwenda tena kwa Sheikh Nasser kumwalika.

"Si kwa kiti," anasema. "Aje asimame juani na sisi, nimweleze taratibu. Pengine siku ile alikaa mbali mno. Akipenda, ahlan, karibu. Asipopenda, arudi kwake kwa amani."

Na Hilali ikiendelea kufungwa?

Usi anafikiri, kisha uso wake unakunjuka.

"Itafungwa," anasema. "Lakini zamani tukifungwa tulikuwa na wa kumlaumu. Sasa tukifungwa, tumefungwa sisi. Ngoja uone watu watakavyocheza."