Niliwatisha Watu, Wakalikimbia Gari la Wagonjwa

Nimekosa, jamani! Sina njia nyingine ya kuanza. Nimekosa, tena sikukosa kwa kujificha. Nilikosa mchana kweupe, mbele ya watu, kwa sauti ya juu, na wenyewe wakanisifu.

Jina langu sitalitaja, na ya wengine nimeyabadili. Naogopa! Wapo watu kijijini kwetu ambao wakijua kwamba haya nimeyaandika mimi, hawatanisubiri nimalize kujieleza. Nitasema tu kwamba mimi ni mpiga mbiu wa jumbe, katika kijiji kimoja upande wa Vihingo, huku Kisarawe. Jumbe akiwa na neno la watu wote hunipa mimi. Nachukua pembe yangu, napita njia zote, napuliza na kutangaza: kodi, gulio, msiba, barabara inayotaka kulimwa.

Sauti ninayo, siwezi kukataa. Mtu akiwa bondeni kwenye mpunga wake ananisikia, na kila neno analielewa. Nilijivunia sauti hiyo kupita kiasi, na shetani akapata pa kukaa.

Basi ilikuwa hivi. Jumbe alirudi kutoka bomani akiwa na furaha. Akaniambia kwamba watu wa ng'ambo, wa nchi ambazo hata majina yake hatuyajui, wametoa msaada wa afya kwa Tanganyika nzima. Fungu letu sisi ni gari la wagonjwa, dawa ya sindano ya buba, na mtu wa kuwapima kinamama wajawazito. Dresa wetu wa zahanati, ambaye miaka yote alikuwa na dawa ya madonda na ya kuhara basi, amefundishwa kazi mpya. Gari litakuja kila siku ya gulio, na aliyezidiwa litampeleka hospitali Kisarawe bure. Kwanza kila mtu atachomwa kidole, litoke tone la damu, wajue maradhi gani yanatusumbua zaidi ndipo walete dawa zake.

"Katangaze hivyo hivyo," jumbe akasema. "Usipunguze, usizidishe."

Nikatangaza hivyo hivyo. Wallahi mara ile sikuzidisha!

Siku ya gulio gari likaja. Lilikuwa la kijivu, limefunikwa nyuma kote, halina dirisha ila pale mbele kwa dereva. Watu wakalitazama, wakasikia habari ya damu, wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Sababu mnaijua wenyewe. Huku kwetu kila mtu amekua akisikia habari za mumiani, watu wanaosemwa kwamba huwakamata wenzao na kuwanyonya damu ikafanywe dawa. Walibaki wazee wachache na mama mmoja mwenye mtoto wa buba. Daktari aliyekuja na gari akamtazama jumbe, na jumbe akanitazama mimi.

"Sauti yako imekwisha?" akaniuliza mbele ya watu wote. "Kama imekwisha sema, nimtafute mwingine."

Aibu gani ile! Nilirudi nyumbani chakula kikanishinda. Mke wangu akaniambia, "Mume wangu, waache. Watu watazoea polepole." Nikamwambia anyamaze, kwani yeye anajua nini juu ya kazi ya mbiu?

Gulio lilipokaribia tena nikatoka na pembe yangu, na safari hii nikazidisha. Nilisema hivi, kila neno nalikumbuka: "Enyi watu! Gari linakuja! Asiyekuja mwenyewe kuchomwa kidole, gari litamfuata nyumbani kwake. Litamchukua! Na litakapomshusha hapajulikani!"

Mumiani sikuwataja. Nilijua hakuna haja ya kuwataja.

Jamani, walikuja! Walijaa uwanja wa zahanati mpaka wengine wakasimama barabarani. Walitoa vidole wakitetemeka, wakachomwa, wakatimua mbio. Watoto wa buba wakapigwa sindano, na wiki chache baadaye madonda yakaanza kukauka kweli. Daktari akampa jumbe mkono. Jumbe akanipa kanzu mpya, nami nikaivaa nikazunguka nayo mtaani watu wanione.

Laiti ningeishia hapo! Jioni moja, kwenye kahawa, wanaume wakanizunguka. Mmoja akasema, "Wewe uko karibu na wakubwa. Tuambie kweli, lile gari ni la hao jamaa?"

Ningesema, "Hapana ndugu zangu, nilikuwa nawatisha tu ili mje." Maneno machache tu! Lakini ningeonekana mwongo, nao wangeondoka wakaenda kumzunguka mtu mwingine. Nilipenda walivyokuwa wakinitazama, mimi ninayejua wasiyoyajua. Nikanywa kahawa yangu taratibu, nikaangalia nyuma yangu, nikasema, "Mimi mtumishi, jamani. Msinitafutie balaa."

Jibu lile liliwatosha kabisa. Likaenda kijiji hadi kijiji bila mbiu wala pembe.

Haukupita muda, mzee mmoja aliyekuwa na mguu umeoza akapakiwa garini, akapelekwa Kisarawe, akafia huko kwa ugonjwa wake. Basi tena! Tangu siku ile hakuna aliyekubali kupanda. Kidole watu walitoa, kwa hofu ya kufuatwa nyumbani, lakini ukimwambia mgonjwa apande gari anaona heri afe kitandani kwake. Dresa akanijia akaniuliza, "Bwana, watu wanasema nini juu ya gari? Wewe unasikia mengi." Nikamwambia sijasikia kitu. Namlaumu nani?

Sasa nifike kwa mwanangu Tausi. Mniwie radhi.

Tausi ni binti yangu wa pekee, ameolewa kijiji cha pili na kijana anaitwa Shabani. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimshika, mama yake akaenda kukaa naye pamoja na mkunga, Bi Mwanaidi, aliyewazalisha karibu watu wote wa kule. Ulipita usiku, ukapita mchana, ukapita usiku mwingine. Asubuhi nilipokwenda kuwaona, Bi Mwanaidi akatoka nje akaniita pembeni.

"Mtoto amelala ubavu, mkono umetangulia," akaniambia. "Mimi hapa nimefika mwisho wangu. Mwanao akibaki humu ndani atakufa, na mtoto wake atakufa. Mpeleke hospitali, sasa hivi!"

Ilikuwa siku ya gulio. Gari lilikuwa zahanati! Nilikimbia na umri wangu huu, kofia ikadondoka sikuiokota. Njiani nilikuwa namshukuru Mungu kwa sauti. Namshukuru kwa msaada, nawashukuru watu wa ng'ambo wasionijua, nalishukuru gari lile la kijivu. Wallahi sikukumbuka hata kidogo niliyoyasema juu yake. Dresa hakuuliza mengi, alichukua mkoba wake, dereva akawasha, tukaondoka.

Tulipokaribia kijiji cha Shabani tukakuta gogo limelala katikati ya njia.

Nyuma ya gogo walisimama wanaume na mapanga. Sauti ya gari walikuwa wameisikia mapema. Mbele yao alisimama mkwe wangu mwenyewe, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shabani! Toa gogo!" nikapiga kelele. "Tumekuja kumchukua mkeo!"

"Shikamoo, baba," akanijibu. Adabu hakuiacha, hata pale! "Ndani ya gari hilo haingii."

"Atakufa, Shabani!"

"Akifa nitamzika mimi na kaburi lake nitaliona. Wewe mwenyewe ulitangaza, baba. Watakapomshusha hapajulikani."

Nikashuka garini, nikapaaza sauti yangu yote, sauti ile ile ya bondeni. "Nilisema uongo! Sikilizeni! Nilisema uongo ili mje zahanati! Gari hili ni la wagonjwa, hakuna mumiani, ni maneno yangu mwenyewe!"

Mnafikiri waliniamini? Walirudi nyuma wakinitazama kwa huruma. Nikamsikia mzee mmoja akiwaambia wenzake, "Wamemkamata. Wamemwambia atoe mwanawe wamwache yeye." Kila nilipozidi kuapa, ndivyo nao walivyozidi kuamini kwamba natetea roho yangu. Mungu wangu! Nilikuwa nalia machozi mbele yao, wakayaona machozi yale kuwa ushahidi.

Nikaruka gogo. Hawakunizuia. Nikaingia nyumbani moja kwa moja, jambo ambalo baba hafanyi mwanawe akiwa katika hali ile, lakini mtu anayeogopa hakumbuki mila. Tausi alikuwa ameshikilia nguzo ya nyumba kwa mikono miwili. Alikuwa ameusikia mngurumo wa gari. Aliponiona akaikumbatia ile nguzo zaidi.

"Baba," akasema, "usinipe. Nakuomba baba, usinipe kwao."

Mwanangu mwenyewe! Alikuwa ananiogopa mimi.

Nje, jiwe likarushwa likampata dereva kwenye paji la uso. Gari likarudi kinyumenyume, dresa akiniita kwa jina mpaka sauti ikapotea. Ndipo Bi Mwanaidi akawatolea wanaume maneno makali ambayo siwezi kuyaandika, wakakubali jambo moja: atakwenda Kisarawe, lakini kwa kubebwa. Tukampakia juu ya kitanda cha kamba, tukakibeba kwa zamu, porini na milimani, juani. Gari lingefika kabla kivuli hakijasogea sana. Sisi tulifika jua likizama.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alikuwa amekwisha kufa.

Tausi alipona, kama huku ni kupona. Mtoto alimkaa muda mrefu mno, akamharibu ndani, na sasa mkojo haumkai. Unatoka wenyewe, mchana na usiku. Hakungoja matibabu. Alipoweza tu kusimama alitoroka hospitali pamoja na mama mkwe wake, kwa hofu ya kunyonywa damu. Shabani alivumilia kidogo, kisha akamrudisha kwetu. Sasa mwanangu anakaa uani peke yake. Anafua nguo zake alfajiri kabla watu hawajaamka, hachezi ngoma, haendi harusini, hataki kukaa na wenzake kwa aibu ya harufu. Na ana umri mdogo jamani, mdogo!

Dresa, Mungu amlipe, hakutususia. Alikuja kutuambia kwamba daktari amesema kidonda kile kinashoneka. Yupo mtu Dar es Salaam anayejua kukishona, na gari litampeleka. Lakini akaongeza neno lililoniondolea usingizi. Wakubwa wamechoka. Gari limepigwa mawe, wagonjwa hawapandi, na wilaya nyingine zinalililia. Gulio lijalo ndilo la mwisho, kisha linahamishwa.

Nilikwenda uani nikakaa chini mbele ya Tausi. Nikamwambia yote: jumbe, aibu yangu, kanzu, kahawa, kila kitu. Nikamwomba radhi, mimi baba yake. Nikamwambia apande gari, nitapanda naye, nitamshika mkono mpaka huko.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Baba, lile ulilisema kwa nguvu, na wote tukaliamini. Hili unalisema unatetemeka. Mimi nitajuaje la kweli ni lipi?"

Nikainuka, nikaenda kutafuta karatasi.

Ndiyo sababu naandika. Kinywa changu hakiaminiwi tena, si kwa mkwe, si kwa mwanangu. Labda mtu atayasoma haya barazani kwa sauti yake yeye, wakayasikia kutoka kwa mtu mwingine, wakayaamini. Waliotuletea msaada ule walifikiria mengi. Walifikiria sindano, petroli, hata pamba ya kufutia kidole. Wangejuaje kwamba habari zao zitapita kwanza kinywani mwa mtu anayependa kutazamwa?

Ninyi mnaopewa neno la kuwafikishia watu, wapiga mbiu, majumbe, walimu, wahubiri, nawasihi! Lifikisheni kama mlivyopewa. Wakija wachache, wacheni waje wachache. Msiwatishe watu ili wapate kilicho chema kwao, maana hofu haiondoki pale mnapotaka nyinyi iondoke. Na mtu akikuuliza kweli, mwambie, hata kama utaonekana mwongo. Nawe unayeyasikia maneno ya kutisha juu ya dawa au juu ya zahanati, muulize aliyeyasema anapata nini.

Gulio ni kesho kutwa. Jumbe ameniagiza nikatangaze kuja kwa gari, na pembe ninayo hapa karibu yangu, naogopa hata kuishika. Nitatoka nayo, sina budi. Lakini kila nikitangaza, Tausi hukimbilia shambani kujificha, na sijui kama safari hii atarudi kabla gari halijaondoka.