Benchi la Wanunuzi wa Kahawa

Mama yangu alinyang'anywa sahani akiwa bado anatafuna. Naanza na hilo kwa makusudi. Kila nikimsimulia mtu habari za mkate ule wa sokoni Mbinga nikianza na utamu wake, ananikatiza ili na yeye asifu, tunaishia kumeza mate wote wawili, na jambo lenyewe linapita bila kusemwa.

Miaka hiyo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale pale Mbinga. Biashara ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa. Sisi tuliozoea kusimama foleni kwenye duka la ushirika kwa ajili ya kipande cha sabuni, ghafla tuliona sabuni za kila rangi zimepangwa barabarani, redio zinalia kila kona, na mitumba imemwagwa chini kama mahindi yanayoanikwa. Halafu wakaja wanunuzi binafsi wa kahawa na pikapu zao. Wakulima waliokuwa wakisubiri malipo ya chama cha ushirika mpaka watoto wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada waliona fedha siku hiyo hiyo waliyoshusha magunia. Sikatai kwamba tulifurahi. Mimi mwenyewe nilifurahi.

Kibanda cha mkate kilikuwa nyuma ya wauza maharage. Mwenye kibanda alikuwa dada mmoja wa makamo, mtu wa milimani huko, aliyejifunza kuoka katika jiko la masista. Kulikuwa na kipindi ambacho hamira haikupatikana hata kwa kujuana, basi masista walikuwa wakibakiza donge la unga uliokandwa jana, wanalifunika kwenye chungu, na kesho yake wanalichanganya na unga mpya. Donge hilo ndilo lililouumua mkate na kuutia uchachu. Dada alipoacha kazi aliomba kipande chake, akaja nacho mjini, akakilea. Tanuri alilijenga mwenyewe kwa tofali za kuchoma na udongo.

Donge alilitandaza kwa viganja tu, bapa, kubwa kuliko sahani. Juu yake alipaka nyanya zilizopondwa, akatupia vitunguu, kisha usipa waliokwisha kukaangwa kidogo. Usipa, kwa asiyewajua, ni dagaa wa Ziwa Nyasa. Mkate ulitoka tanurini kingo zimevimba na kuungua hapa na pale, katikati bado unachemka. Ukiuma, kwanza unasikia uchachu, halafu chumvi ya samaki, halafu moshi. Katika baridi ya Mbinga, na ukungu ule unaoshuka mpaka mezani, hakuna chakula kilichoushinda.

Na ulikuwa rahisi. Mwalimu aliumudu, na anayejua mshahara wa mwalimu wa wakati ule atanielewa. Mabenchi yalikuwa marefu, na ulikaa pale ulipopata nafasi. Karani wa halmashauri alibanana na utingo wa lori, mkulima kutoka Mkumbi akaweka jembe lake jipya miguuni pa askari. Hapakuwa na mkubwa pale. Kilichohesabika ni zamu yako tu.

Sasa, usipa wale walitoka kwa mama yangu.

Mama aliishi Liuli, kando ya ziwa. Aliwanunua usipa kwa wavuvi asubuhi, akawaanika ufukweni, na wakikauka sawasawa alipanda lori na gunia lake mpaka Mbinga. Alifikia mlango wa nyuma wa kibanda, anapokelewa gunia, anasalimiana na dada, kisha anakuja kwangu kulala. Hakuwahi kuula mkate ule. Nilipomwambia twende tukale, alinicheka.

"Nisafiri siku nzima nije kula usipa niliowaacha nyumbani?"

Nilimbembeleza safari kadhaa. Mwishowe alikubali, akavaa kitenge chake cha kanisani, tukaenda mchana siku ya gulio.

Tulikuta jambo jipya. Meza iliyo karibu na tanuri ilikuwa imetandikwa plastiki yenye maua. Nilidhani ni urembo. Upande mmoja wa benchi lake alikuwa amekaa mzee mmoja, upande mwingine ulikuwa wazi, na mama alikuwa anasikia baridi, maana mtu wa ziwani hajazoea hali ile. Nikamkalisha pale penye joto.

Dada alimwona, akapunga mkono uliojaa unga. "Shikamoo mama! Leo umekuja kula?"

"Marahaba mwanangu. Nimeletwa."

Alituletea mwenyewe. Mama aliuangalia mkate kwa muda, akachomoa usipa mmoja kwa mkia, akamgeuza.

"Huyu ni wangu," akasema.

"Umemjuaje?"

"Wa kwangu hana mchanga."

Tukacheka. Alikata kipande, akala, akakata kingine. Mama yangu si mtu wa kusifu. Niliona tu kwamba alisogeza kiwiko ili sahani iwe karibu naye zaidi, nikajua umemkolea. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nilishawahi kuipata nikiwa nimekaa mezani na mtu.

Ndipo alipoingia mdogo wake dada, kijana aliyekuwa amerudi karibuni kutoka Dar es Salaam. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, funguo zinazunguka kwenye kidole. Nyuma yake walikuwa wanunuzi watatu wa kahawa. Yule mzee aliyekaa mwisho wa benchi alipowaona tu, alibeba mkate wake akaondoka, kama mtu aliyekwishafundishwa.

"Hapa ni pa wanunuzi," kijana akatuambia. "Inukeni."

Hakutoa shikamoo. Alisimama mbele ya mwanamke anayelingana na mama yake, akasema inukeni.

Mama alimeza kwanza. "Nikimaliza nitainuka, mwanangu."

"Mama, hawa watu wana haraka."

"Na mimi nina njaa."

Watu wa meza ya jirani walicheka kidogo. Nadhani kile kicheko ndicho kilichomchoma kijana. Aliinama, akaishika sahani ya mama kwa mikono miwili, akaiondoa mezani. Akaipeleka mpaka mlangoni na kuiweka juu ya rundo la kuni. Mama alibaki ameshika kipande mkononi, shavu limejaa, anaitazama plastiki ile yenye maua.

Nilisimama. "Rudisha sahani ya mama yangu."

"Mwalimu, usituletee fujo kwenye biashara."

"Fujo umeleta wewe. Tumekuja kabla yao. Tunalipa kama wao."

"Siku hizi ni soko huria, mwalimu," akasema, na akatabasamu kwa kulitamka neno hilo. "Anayenunua zaidi ndiye anayekaa."

Mmoja wa wale wanunuzi, kijana mwenye sura ya upole, akasema, "Jamani waache wamalize, sisi tutasubiri."

"Hapana bosi, kaeni," akajibiwa. Akakaa! Mpaka leo huyo ndiye anayenishangaza kuliko wote. Alijua kilicho sawa, akakisema kwa sauti, halafu akakaa kwenye benchi ambalo bado lilikuwa na joto la mama yangu.

Nilimgeukia dada. Alikuwa amesimama mbele ya tanuri na mwiko wake mrefu wa kutolea mikate, ameona kila kitu. Kibanda chote kilimngoja. Tanuri lilikuwa lake, donge lilikuwa lake, mabenchi yalikuwa yake. Neno lake moja lingetosha.

"Mama," akasema taratibu, "tokeni hapo nje kidogo, nitawaletea mwingine wa moto. Wa bure."

Wa bure! Kama vile mama alikuja kuomba.

Mama alijifuta vidole kwenye pindo la kitenge, akaniambia kwa Kinyasa twende. Tulitoka. Dada hakudanganya, alitufuata na mkate umefungwa kwenye gazeti. Mimi niliukunjia mikono. Mama akaupokea, akashukuru.

"Unaupokeaje?" nilimuuliza tulipofika mbali. "Ungemrudishia usoni!"

"Mkate haujanikosea," akasema, na akala kile kipande alichotoka nacho mkononi, tukitembea.

Tuligombana njia nzima, yaani mimi niligombana. Nilimwambia asimpelekee tena usipa mwanamke yule. Alinisikiliza mpaka mlangoni kwangu, ndipo akajibu.

"Wewe kila mwezi una mshahara. Usipa wangu nitampelekea nani? Utawamaliza wote wewe?"

Akaendelea kumpelekea, mlango ule ule wa nyuma. Mimi sikukanyaga tena pale kwa misimu kadhaa ya kahawa. Lakini sokoni nilipita, na nilichokiona kilinizidishia hasira. Plastiki za maua zilienea meza zote. Wenye pikapu walikaa ndani na soda zao, na wakulima walisimama nje kwenye manyunyu wanakula kwenye gazeti, mgongo umeegemezwa ukutani. Wakulima wale wale! Miche waliipanda wao, palizi na kuchuma vilikuwa vyao, na magunia waliyashusha kutoka milimani kwa mabega yao. Mtu anakununulia kahawa yako asubuhi, mchana anakuzuia usikae. Na wao walimsalimia kwa heshima akipita.

Kisha bei ya kahawa ikaanguka. Msimu mmoja pikapu zilikuja chache, msimu uliofuata hazikuja kabisa. Yule mdogo mtu naye alipanda gari la mnunuzi wa mwisho akaenda zake, na sikusikia tena habari zake. Plastiki zikatoboka, zikatolewa. Watu wakarudi kukaa.

Nilirudi na mimi. Sikurudi kwa njaa, nilirudi kwa ajili ya kusema. Niliagiza mkate, nikauma, na ulikuwa mtamu vile vile, jambo ambalo liliniudhi sana. Dada alipokuja kuchukua sahani nilimshika mkono.

"Unaikumbuka siku mdogo wako alipomnyang'anya mama mmoja chakula mezani?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, hakuwa anajifanya. "Mama yupi? Walikuwa wengi walioinuliwa, mwalimu."

"Mama wa usipa."

Hapo alikaa. Akaweka sahani kwenye mapaja. "Yule mbona alipokea mkate, akashukuru? Mpaka leo ananiletea. Nilijua yaliisha."

"Hayakuisha."

"Mdogo wangu ndiye aliyeniletea wale wateja," akasema. "Ndiye aliyeezeka bati hizi. Nilikuwa namwogopa. Niliona nikimpinga mbele ya watu atanitoa kwenye kibanda changu."

"Ungesema neno moja tu."

"Ningesema," akakubali. Hakujitetea zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka hiyo yote kumjibu akijitetea, na sasa maneno yangu yalikosa pa kwenda. Nililipa nikaondoka.

Likizo iliyofuata niliteremka Liuli. Nilimkuta mama ufukweni, ameanika usipa juu ya nyavu kuukuu, anafukuza kuku. Baada ya salamu aliniambia kwamba safari yake ya mwisho Mbinga dada alimzuia mlango wa nyuma. Alimshika mkono, akamzungusha mpaka mbele, akamkalisha karibu na tanuri, akakaa naye mpaka akamaliza mkate mzima.

"Alikuomba msamaha?"

"Alisema pole."

"Pole tu?"

"Ulitaka aimbe?"

"Mama, ulitolewa chakula mdomoni! Watu wanaangalia! Pole anaambiwa mtu aliyejikwaa!"

Mama alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyefika na mzigo kwenye nyumba isiyomhusu. "Mimi nimekula, nikashiba," akasema. "Lori lilikuwa linapiga honi, nikaondoka. Sasa wewe unataka nifanye nini na hasira hiyo? Niianike?"

 Najua tu kwamba pole ile ilisemwa baada ya pikapu kuondoka, wakati ambapo kuisema hakukumgharimu mtu kitu. Ingesemwa siku ile, mbele ya wale watatu, ningeipokea mimi kwa magoti.

Wingu zito lilikuwa linakuja kutoka ng'ambo ya ziwa. Mama aliinuka, akaanza kukusanya usipa haraka haraka, akaniita nishike upande wa pili wa wavu. Nikaenda nikaushika, bado nimekasirika.